Intaneti ya Shags Haikatiki Tu Hivi Hivi

Mamangu akipiga simu Jumapili saa tano asubuhi huwa najua tu. Hapo ndio ibada ya mtandaoni inafika kwa mahubiri, na hapo ndio kile kiduara kinaanza kuzunguka kwa TV na mchungaji anabaki amefungua mdomo. "Baba, hii kitu yenu imekufa tena." Ananiita baba juu mimi ni kijana wa pili na nimeitwa jina la babake, kwa hivyo hata akinigombeza inabidi agombeze kwa heshima.

Mimi niko Umoja, yeye yuko shags, yaani kijijini, upande wa Limuru, bondeni, nyumba ya mawe na mabati, majani chai huku na mibluugamu kule. Ni kama kilomita thelathini na kitu kutoka tao, mtu anatoka huko asubuhi anafanya kazi Nairobi anarudi, lakini kwa mambo ya netwaki ni kama tuko nchi mbili tofauti. Na ndani ya mwaka mmoja hiyo nyumba ilikuwa imenunuliwa rauta mpya, laini mpya, na kijisanduku fulani cha "kuvuta netwaki" chenye fundi mmoja alitoka nacho River Road akakiweka juu ya kabati kikawasha taa ya kijani na kikaishia hapo. Pesa zilienda na intaneti bado ilikuwa inakatika.

Acha nieleze vile tulikuja kuijua shida yenyewe, juu naona watu wengi wako na hiyo stori na jibu wanalopewa ni lile lile, nunua ingine. Tatizo linaanzia kwa hilo neno "imekatika." Ni kama kuenda kliniki ukamwambia daktari unasikia mgonjwa halafu unyamaze. Imekatika vipi? Waifai imepotea kwa simu? Waifai iko lakini hakuna kitu inafunguka? WhatsApp inaenda lakini video inakwama? Imezima yenyewe ikarudi baada ya dakika mbili? Hayo ni magonjwa manne tofauti, na dawa ya moja haitibu ile ingine hata kidogo.

Aliyenifundisha kutofautisha ni modemu ya babangu.

Mzee alikuwa mwalimu na alikuwa na simu ya mezani, iliingia enzi za Posta na Simu kabla hiyo shirika haijagawanywa 1999 ikazaa Telkom. Mwaka wa 2003 akanunua komputa ya mtumba yenye modemu ya 56k, na kwa wale hawakuyaona hayo mambo, intaneti ilikuwa inapigwa simu, yaani kweli kweli, komputa inapiga namba ya kampuni ya intaneti kwa ile laini ya nyumbani, mtambo wa upande ule unapokea, halafu mashine mbili zinaanza kupigiana makelele ndani ya waya wa shaba. Ukiwa kwa intaneti hakuna simu inaingia, na shangazi akiinua simu ya chumbani kusalimia watu, kwisha, umekatwa. Na unalipa dakika za simu kando, bado hujalipa ile ya mwezi ya kampuni. Kelele ya "hakuna mtu ashike simu!" ndio ilikuwa nywila ya hiyo nyumba.

Lakini hiyo modemu ilikuwa na kitu kimoja kizuri, ilikuwa na spika. Ugonjwa wake ulikuwa unausikia. Kwanza ule mlio wa laini kuwa hai, usipousikia ujue waya umekatwa kwa nguzo ama kuna mtu ameacha simu imelala vibaya. Halafu namba zinabonyezwa haraka haraka. Halafu upande wa pili unajibu na mluzi mrefu mwembamba, na huo mluzi haukuwa wa urembo, mojawapo ya kazi zake ilikuwa kuzima vile vifaa vya kuondoa mwangwi kwa laini za simu, vinasaidia watu wakiongea lakini vinachanganya modemu. Halafu mikwaruzo, halafu ule mvumo mkubwa wa shhhhh. Kwa huo mvumo mashine zilikuwa zinapima laini, zinaulizana hapa barabara iko aje, tunaweza kupita na spidi gani. Ukisikia zimeanza huo mvumo, zikanyamaza, zikaanza tena na tena, ujue zimeshindwa kuelewana na zinashuka gia.

Na gia zilikuwa zinashuka sana. Laini ya simu ilitengenezewa mdomo wa binadamu, ilikuwa inapitisha sauti za kama hezi 300 hadi 3,400 hivi na si zaidi. Kiwango cha V.90 kilichokuja 1998 ndicho kilifikisha kilobiti 56 kwa sekunde, na ni kwa kushusha tu, kupandisha ilikuwa mwisho 33.6, na kulikuwa na masharti: kutoka kwa kampuni ya intaneti mpaka kituo cha simu cha kwenu kila kitu kiwe cha dijitali, na ule waya wa shaba wa kutoka kituoni mpaka kwa mlango wako uwe mfupi na msafi. Wetu ulikuwa unatembea juu ya nguzo kilomita kadhaa, umeungwa na kuungwa tena, mahali pengine umepita katikati ya matawi. Tulikuwa tunapata 26, siku ya sherehe 28.8. Kwa hiyo 28.8 picha ya megabaiti moja ilikuwa inachukua karibu dakika tano, ikiwa haijakatika.

Na ilikuwa inakatika, haswa mvua ikinyesha. Sababu yake nimekuja kuipenda. Kiungo cha waya kikiingia maji kinakwaruza, krr, nusu sekunde. Binadamu wawili wakiongea wanasikia hiyo krr na wanaendelea na umbea wao. Modemu inasikia mwenzake amekufa. Modemu nyingi zilikuwa zimewekewa subira ya sekunde moja na nukta nne, mwenzako akipotea kwa huo muda unakata simu. Kulikuwa na amri unaiandikia modemu, S10=50, maana yake ngoja sekunde tano nzima kabla ya kukata, na hiyo peke yake iliokoa watu wengi wenye laini mbovu. Ingine ilikuwa kuilazimisha modemu isijaribu spidi kubwa, ikubali kutembea na 21 ama 24 siku nzima badala ya kukimbia na 28 ikianguka kila dakika kumi. Hiyo ya pili ishikeni, tutairudia.

Siku moja mzee akaita fundi wa simu. Mimi nilidhani atapanda nguzo. Wapi! Kabla ya kugusa nguzo alichomoa kila kitu ndani ya nyumba, simu ya sebuleni, ya chumbani, modemu, akaenda nje kwa kile kisanduku waya wa nguzo unapoingilia ukutani, akaunganisha simu yake ya kupimia hapo, akabonyeza namba moja ili ule mlio unyamaze, akasikiliza. Kimya. Hakuna krr. Akamwambia mzee, "Mwalimu, laini yangu ni mzima, ugonjwa uko kwako." Tukafuata waya wa kwenda chumbani tukapata panya ameutafuna nyuma ya kabati mpaka shaba inaonekana, na ukuta huo unakuwanga na unyevu kila msimu wa mvua. Kumbe miezi yote hiyo tulikuwa tunalaani watu wa nguzo.

Hicho alichofanya ndio kazi yote: gawanya njia mara mbili, uliza shida iko upande huu ama ule, ukishajua upande, gawanya tena.

Sasa rauta ya siku hizi haina mdomo. Iko na taa nne tano, zote zinawaka kijani hata kama hakuna kitu inapita, na watu wanaangalia taa vile watu waliangalia mwezi. Kwa hivyo inabidi uiulize maswali kwa njia ingine, na habari njema ni kwamba iko tayari kujibu ukijua mahali pa kugonga.

Njia yenyewe iko hivi. Kutoka kwa simu ama TV yako kuna waifai mpaka kwa rauta. Rauta iko na laini ya simu ndani, ile kadi ndogo, inaongea na mnara, ile watu huita busta, kwa mawimbi. Kutoka mnara mpaka Nairobi kuna faiba ama mawimbi mengine ya kurushiana mnara kwa mnara. Kutoka Nairobi ndio sasa dunia. Ukiambiwa imekatika, piga hodi kwa hizo milango moja moja. Mlango wa kwanza ni rauta yenyewe, iko na anwani yake, mara nyingi imeandikwa kwa stika chini ya tumbo lake, 192.168.1.1 ama 192.168.8.1, unaiandika mahali huwa unaandika jina la tovuti. Kama intaneti "imekufa" lakini huo ukurasa unafunguka haraka, waifai yako iko sawa, acha kuisumbua. Kama hata huo ukurasa haufunguki, shida iko hapo ndani ya nyumba na hakuna haja ya kupigia mtu yeyote wa kampuni. Kama uko na leptopu unaweza kuenda mbele, kuna amri inaitwa ping na kazi yake ni hiyo ya kupiga hodi tu, piga hodi kwa rauta, halafu kwa 8.8.8.8 ambayo ni ya Google na huwa inaitika, halafu kwa jina la tovuti yoyote. 8.8.8.8 ikiitika na jina likikataa, barabara iko wazi, kilichopotea ni kile kitabu cha kugeuza majina kuwa namba, DNS, na hiyo unabadilisha kwa setingi bila kununua chochote.

Ya waifai sitakaa sana. Nyumba ya mawe inakula mawimbi, ile ya 5 gigahezi iko na spidi lakini ukuta mmoja wa mawe ukiipata inachoka, ile ya 2.4 inapenya zaidi. Kama TV iko upande wa pili wa nyumba ipeleke kwa 2.4. Basi.

Mahali pana utamu ni kati ya rauta na mnara. Zile mistari za netwaki usiziamini, kila kampuni ya simu inazichora vile inataka. Ndani ya ule ukurasa wa rauta tafuta mahali pameandikwa RSRP, hiyo ni nguvu ya mawimbi ya mnara yanayokufikia. Utaona namba yenye alama ya kutoa mbele yake, na hapo watu huchanganyikiwa: kadiri iko karibu na sifuri ndio iko na nguvu. Minus 80 uko vizuri sana. Minus 100 inaishi. Minus 110 inasota. Minus 120 hiyo ni maiti imevalishwa suti. Na si hesabu ya kawaida ya kuongeza na kutoa, hizi ni desibeli, ukipanda 3 nguvu imekuwa mara mbili, ukipanda 10 imekuwa mara kumi. Kando yake kuna SINR, hiyo inapima sauti ya mnara ukilinganisha na makelele mengine. Ikiwa juu ya 20 ni raha, ikikaribia sifuri ni kama kuongea na mtu kwa stendi ya matatu, anakusikia lakini unarudia kila neno mara tatu. Unaweza kuwa na RSRP nzuri na SINR mbaya, mnara unausikia vizuri lakini mwingine wa upande ule unaupigia kelele.

Kwa mamangu rauta ilikuwa ndani ya kabati ya TV, nyuma ya fremu za picha, juu eti inaharibu urembo wa sebule. Minus 113. Nikamwambia aitoe, atembee nayo na ekstensheni pole pole, asimame kila mahali dakika mbili, anisomee namba. Dirisha la jikoni linaangalia kilima, minus 116. Chumba cha wageni, dirisha la upande wa barabara ya lami, minus 101. Hiyo tofauti ya 12 ni nguvu mara kumi na sita, na imepatikana bure, kwa kutembea. Mabati ndio adui mkubwa hapa, chuma hakipitishi mawimbi, na watu wanapenda kuweka rauta juu ya dari wakidhani juu ndio karibu na mnara, kumbe wameifungia ndani ya sufuria. Dirisha la mbao na kioo ndio mlango wa mawimbi.

Kuna pia mambo ya masafa. Minara inatumia masafa tofauti, yale ya chini kama megahezi 800 yanaenda mbali na yanapenya kuta, yale ya juu kama 1800 yanabeba mzigo mkubwa lakini yanachoka mapema. Rauta ikiwa mahali pa netwaki hafifu inaruka ruka, dakika hii iko 1800, dakika hii 800, dakika ile imeshuka 3G, na kila ikiruka video inakwama. Rauta nyingi zinakuruhusu kuiambia kaa 4G tu usitoke, na zingine hata kuchagua masafa. Mara nyingi ile ya pole lakini imetulia ndio itakupa ibada mpaka baraka za mwisho. Ni ile dawa ya modemu ya 2003, imebadilisha nguo tu.

Na antena za nje? Zinafanya kazi, lakini watu wanaziua na kebo. Mtu ananunua antena nzuri, anaiweka juu ya mlingoti, halafu anashuka na mita kumi na tano za kebo nyembamba mpaka sebuleni. Kwa haya masafa kebo nyembamba inakula karibu nusu desibeli mpaka desibeli moja kila mita, kwa hivyo chochote antena imevuna huko juu kimeliwa njiani. Afadhali rauta ikae karibu na antena, mahali hapanyeshewi, na chini ushuke na waya wa intaneti wa kawaida, ule unaenda mpaka mita 100 bila shida. Na 4G inataka antena mbili, ama moja yenye waya mbili, mtu akikuuzia yenye waya moja tu ujue umenunua nusu. Kile kijisanduku cha taa ya kijani nacho tulikitoa, haya mavitu ya kurudisha mawimbi yakiwekwa vibaya yanapigia hata mnara kelele, na vifaa vya mawasiliano vinafaa viwe vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Chetu hakikuwa hata na stika.

Baada ya kuhamia chumba cha wageni mambo yakawa mazuri, nikajiona injinia. Wiki mbili. Halafu, "Baba, imekufa tena."

Hapa ndio niliacha kubahatisha. Nikamwambia achukue kile kitabu chake cha kuandika maziwa, ukurasa wa nyuma, kila ikikatika aandike saa, na aandike ilikatika vipi. Mamangu ameandika hesabu ya maziwa miaka thelathini, mtu kama huyo ukimpa kazi ya kurekodi hakuachii nafasi. Baada ya siku tisa nikaenda. Alikuwa ameandika mara kumi na saba. Karibu zote kati ya saa moja jioni na saa tatu usiku. Na kwa kila moja ameandika maneno yale yale, "imepotea kabisa, imerudi yenyewe, dakika mbili."

Mnara ukilemewa na watu jioni, intaneti inakuwa pole, haipotei kabisa ikarudi kwa dakika mbili kila mara. Dakika mbili ni muda wa rauta kuzima na kuwaka. Nikafungua ule ukurasa, kuna mahali inaonyesha imekaa kwa muda gani tangu iwake. Ilikuwa inasema dakika arobaini. Na hakuna mtu alikuwa ameizima tangu juzi, na stima haikuwa imepotea.

Yaani hiyo kitu haikuwa inapoteza netwaki. Ilikuwa inazimia.

Nikaangalia adapta. Chini ya rauta imeandikwa 12V 1A. Adapta imeandikwa 12V 0.5A. Ile ya kweli iliungua stima iliporudi kwa fujo siku moja, na binamu yangu kwa roho safi akatafuta ingine kwa droo ya mavitu yaliyokufa, ikaingia kwa tundu, taa ikawaka, nani atashuku? Volti ni sawa, lakini nguvu ni nusu, wati 6 badala ya 12. Mchana simu moja tu imeunganishwa, rauta inakula kidogo, inavumilia. Jioni watoto wa jirani wamekuja, TV imewashwa, simu sita, na rauta iko mahali pa minus 101 kwa hivyo ikitaka kuongea na mnara lazima ipaze sauti mpaka mwisho wake, kifaa cha 4G kinapaza mpaka kama miliwati 200 na kuzitoa hizo kinakula stima mara kadhaa yake. Adapta inashindwa, volti zinaanguka, rauta inazimia. Inawaka tena, dakika mbili, wote wanarukia tena.

Hapo ndio nilielewa kwa nini kuhamisha rauta kulisaidia wiki mbili tu. Kulipunguza kupaza sauti, lakini hakukuondoa ugonjwa, na adapta yenyewe ilikuwa inazidi kuchoka. Adapta mpya ya kweli ilikuwa shilingi mia tano pale Luthuli. Mia tano, baada ya rauta mpya, laini mpya na sanduku la taa ya kijani. Nikaongeza na ile betri ndogo ya kuwekea rauta, juu stima ya kule ikipepesa hata sekunde moja rauta inaanza upya.

Hiyo ndio ilikuwa yetu, ya kwako inaweza kuwa ingine, ndio maana nasisitiza kitabu cha maziwa. Ukiona inakuwa pole kila jioni bila kupotea na saa kumi na moja alfajiri inakimbia kama mwizi, hiyo ni msongamano, mnara mmoja unagawana na kijiji kizima, na antena haitaongeza mnara. Desemba ndio utaona, watu wa Nairobi wote wamerudi shags na simu zao, hata wale wa huko wenyewe wanashangaa ni nini imefanyika. Ukiona inapotea saa kadhaa baada ya stima ya eneo zima kuenda, na rauta yako iko kwa betri, hiyo ni betri za mnara zimeisha, tulia. Ukiona imekuwa pole tarehe fulani ya mwezi na haiponi mpaka mwezi mpya, angalia kama bando lako liko na kikomo ambacho ukikivuka spidi inakatwa, hiyo watu huisahau sana. Na ukiona kila mtu analia, wa Limuru, wa Umoja, wa Kampala, basi ni mambo ya baharini, kama ile Mei 2024 kebo za intaneti za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipokatika kwa wakati mmoja. Hapo hata ukipanda juu ya mnara mwenyewe hakuna kitu utafanya.

Kabla ya hizo kebo hata hivyo mambo yalikuwa ya ajabu zaidi. SEACOM ilianza kazi Kenya Julai 2009, kabla ya hapo intaneti ya Kenya ilikuwa inategemea setilaiti, na kituo kikubwa cha setilaiti kilikuwa huko chini Bonde la Ufa, Longonot, kilifunguliwa 1970. Setilaiti iko karibu kilomita 36,000 juu. Swali lako linapanda na kushuka, jibu linapanda na kushuka, hiyo ni karibu nusu sekunde imeenda hata mwanga ukikimbia mbio zake zote. Kwa hivyo barua pepe ya mzee ilikuwa inaweza kutoka sebuleni kwa waya uliotafunwa na panya, ipite Nairobi, ipae angani, na bado yeye alikuwa anapiga modemu kofi.

Mamangu siku hizi hasemi imekufa. Jumapili iliyopita alinipigia saa tano kasoro akasema, "Baba, leo ni minus mia na tisa na jana ilikuwa mia na moja, na saa ya kuwaka ni siku nne." Nikamwuliza kumenyesha? Akasema usiku kucha. Majani yakilowa yanameza mawimbi, na kati ya dirisha la chumba cha wageni na mnara kuna mibluugamu sita, imekua kama mita tano tangu mzee alipokufa. Ni ya jirani, mzee wa kanisa, na ndiye anasomanga matangazo kwa hiyo ibada. Mamangu anataka mimi ndio nikaongee naye.